Meza Mara Kumi

Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa mizani
ghala la chama cha msingi, Tandahimba.
Gunia linapanda, mshale unatetemeka, unatulia,
naandika.
Sikuwahi kudhani nami siku moja
nitapandishwa.

Kiungulia kilianza msimu ule mvua ilipowahi,
korosho zikaota ukungu mikononi mwa wenyewe.
Nikawa nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni,
Somoe akinambia nafanana na abiria
aliyepitwa na kituo chake.
Magadi, maziwa, vidonge vya rangi ya samli:
kila kitu kilishuka,
na kila kitu kikarudi kunisalimu.

Sasa niko Mtwara, hospitali ya Mitengo, chumba cha baridi.
Muuguzi Esha Nampunju anapitisha mrija puani,
mwembamba kama utambi wa kibatari.
"Usipigane nao," anasema. "Ni mgeni huyo, mkaribishe."
Machozi yananitoka bila msiba.
Kisha maji, kijiko kimoja kimoja:
meza.
Subiri.
Meza.
Kwenye kioo cha mashine umio langu linachorwa kwa rangi,
jekundu pale linapobana, buluu pale linapolala,
kama kanga ya mtu asiyejua kuchagua.

Mara kumi. Saba zimefika.
Tatu zimekufa njiani.

Kesho yake ikawa zamu ya tumbo.
Wali na yai lililotiwa dawa ambayo kamera huiona,
picha kila saa, saa nne za kukaa kwenye benchi,
waone kama chakula kinatoka au kinajenga nyumba.
Kinatoka. Polepole, kama foleni ya malipo ya pili.

Daktari Chiwalo akachora nyuma ya bahasha:
"Mlango wa chini umelegea. Tutaukaza kwa tumbo lenyewe,
tulizungushe kama kilemba.
Ila umio lako ni dhaifu kusukuma.
Nikizungusha duara zima, ugali utakwama juu ya mlango.
Nitazungusha nusu."
Nikamwelewa upesi kuliko alivyotarajia.
Gunia hulishoni kabla hujalipima.

Nilikuwa na jambo la kuuliza, nikaona haya,
nikamuuliza Esha, si daktari:
kama mtu alimeza kitu zamani, kikakataa kushuka,
mashine inaweza kukionyesha?
Akacheka. "Kitu gani, mfupa wa samaki?"
Nikasema ndiyo, mfupa.

Si mfupa. Ni kilo tatu.
Kila gunia, kilo tatu, msimu ule wa ukungu.
Katibu alisema "unyevu," nami nikaandika "unyevu,"
na Bi Sihaba wa Kitama,
aliyeleta magunia manne kwa baiskeli ya mjukuu,
akautazama mshale, akanitazama mimi,
akasema "Haya," akaenda.

Miezi sita baada ya kisu wakanirudisha kwenye mrija.
Meza. Subiri. Meza.
Tisa zimefika. Mlango unafunga. Asidi haipandi.
Esha akapiga makofi mawili, ya chini chini.
Nimepoteza kitu kimoja: sibeui tena.
Kwa wakwe, baada ya ming'oko na chai,
wote walibeua shukrani zao,
mimi nikabaki nimefura kama kibuyu kilichozibwa,
mama mkwe akauliza chakula kina nini.

Nalala chali. Mto mmoja.
Hakuna moto kifuani, na bado naamka saa tisa.
Miaka yote nilidhani ni yeye anayenichoma.
Kumbe ule ulikuwa msuli tu, na msuli una tiba.
Yeye yuko palepale: baiskeli, mshale, haya.

Ghala linafunguliwa wiki ijayo.
Nimeitia mizani mafuta,
nimeijaribu kwa jiwe la kilo ishirini, mara mbili.
Magunia manne kwa kilo tatu ni kumi na mbili.
Nimezifunga kwenye mfuko wa unga, korosho kavu,
nimeulizia njia ya Kitama.
Sijui kama yu hai.